Mkono Utaangaliwa Mwezi wa Nne

Kitui,
6 Januari 1987

Dada Ndinda,

Natumaini mwaka mpya umewakuta wazima hapo Tawa, kifua cha Baba kimetulia na mwanao Muthoki ameanza kula. Mimi nipo. Mwandiko huu usikushtue, ni wa mkono wa kushoto, na ukurasa huu mmoja nimeuhangaikia tangu asubuhi. Ofisi ya ushirika wa pamba imenipa ruhusa mpaka Aprili. Baada ya hapo watataka kuona kama karani wao anaweza kushika kalamu, na wasipoona wataandika mwingine.

Mwambie Baba kwamba daktari alinipasua tarehe thelathini Desemba. Panga lilikata makano ya vidole vinne, pale vidole vinapoungana na kiganja. Ncha zilikuwa zimerudi ndani kabisa, akazitafuta kwa koleo ndogo, moja moja, akazishona kwa uzi ambao sikuuona kwa macho. Nilikuwa macho. Walikuwa wametia ganzi mkono peke yake kwa sindano. Alipovuta kano moja kujua ni la kidole gani, kidole cha kati kikainama chenyewe kama kimesikia jina lake. Nilitapika.

Sasa niko mikononi mwa Bi. Shufaa Abdulatif, wa zile familia za Waislamu karibu na soko. Kazi yake ni kuvifundisha viungo kutembea tena. Ameweka ganda la plasta nyuma ya mkono, kifundo kimeinama. Ametoboa kucha zangu, akapitisha uzi, na kila uzi ameufunga kwenye mpira mwembamba unaoshikwa na pini hapa chini ya kiwiko. Mpira unavuta vidole vije kwenye kiganja. Kazi yangu ni kuvinyoosha polepole mpaka viguse plasta, kisha niachilie, mpira uvirudishe. Nilianza siku chache tu baada ya kupasuliwa, jeraha bado likitoa maji. Nilimwambia, "Bi. Shufaa, uzi utakatika."

"Utakatika ukikunja kwa nguvu zako. Kwa hiyo usikunje. Wewe nyoosha, mpira ukunje."

"Si afadhali nisubiri lipone kwanza?"

"Litapona, nani kasema halitapona? Kano lako linapita ndani ya mfereji mwembamba. Likilala humo halisogei, litashikana na kuta za mfereji, lipone nazo pamoja. Hapo utakuwa na kano zima na kidole kisicho chako."

Hapa nimepiga mstari. Najua wewe ndiwe unayewasomea barua. Komea hapa, na ukitaka kohoa.

_____

Polisi niliwaambia niliangukia panga nikikata mkonge. Kaka Nzomo hakusadiki. Alipoinama kitandani na kulitaja jina la mumeo Mulwa, sikusema ndiyo wala la. Nilinyamaza, naye akakichukua kimya changu akaondoka nacho. Dada, naogopa kuandika zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Nzuki


Tawa,
14 Januari 1987

Mdogo wangu Nzuki,

Pokea salamu za Baba, za Muthoki na za kwaya nzima. Baba anakohoa asubuhi tu. Mahindi yamekauka shambani na tumeanza kuvunja. Muthoki anakula, ila mwanamume akipaza sauti anaingia chini ya kitanda, na kumtoa ni kazi. Barua hii haipiti posta. Anaileta Kavata wa kwaya anayekuja huko kumwona dada yake, kwa hiyo humu nitasema.

Yako niliwasomea baada ya chakula. Nilipofika kwenye mstari nilikohoa. Nzomo akaniangalia. "Hicho kikohozi umetoa wapi? Mwenye kifua ni Baba."

Unajua hasomi, lakini si mjinga. Amekuja kutoka Mtito Andei na amekaa. Matairi ya malori anayoziba huko, anasema, yatajiziba. Mchana kutwa yuko nyuma ya ghala anachonga mishale, eti ya digidigi. Nilipoeleza habari ya mpira na kucha, alicheka mpaka akashika ubavu. "Wamemfanya manati! Baba, umesikia? Mtoto wako ni manati!" Halafu kicheko kikakatika. Akachukua mshale, akanionyesha pale kichwa kilipofungwa. "Hili ni kano la ng'ombe. Unalilowesha, unalifunga, unaliweka juu ya paa, hata nzi asilitikise. Likikauka, limeshika. Ukilichezea bichi, kichwa kinabaki kwa mnyama na wewe unarudi nyumbani na kijiti. Sasa hao wanachezea la mtu!" Baba akaitikia kwa kichwa. Nani hapa asiyejua hivyo? Hata mimi, kama si maneno ya Bi. Shufaa, ningeitikia.

Kisha akaapa. Si kwa Mungu, wala si kwa kile kiapo cha wazee ambacho kanisa linakataa. Aliapa kwa kusimama tu, mbele ya Baba na Mzee Maundu wa ukoo wetu. "Mkono wa Nzuki ukifa, nitakata wa Mulwa pale pale. Vidole vinne, vinne. Kimoja, kimoja." Mzee Maundu akamwambia jeraha bichi halihukumiwi. Mkono utaangaliwa mwezi wa nne kabla ya mvua kukolea, na mpaka siku hiyo hakuna atakayeinua chuma. Nzomo akatema mate chini kukubali. Lakini panga ananoa.

Sasa lile tunalolirukaruka. Wewe ulishika makali. Mpini ulikuwa mkononi mwangu. Mulwa alikuwa amenipiga kwa mchi mpaka jicho moja likafumba, na ule mchi ulipompita Muthoki sikioni, nilinyoosha mkono nikapata panga. Wewe ukaingia kati. Mulwa anajua yote na hasemi. Anapita sokoni watu wanamwita mkataji, naye anainua shingo. Heri kwake hilo kuliko ijulikane kwamba mume wangu alirudi nyuma mbele yangu mpaka mgongo ukagusa ukuta. Na mimi nikisema, watamchukua Muthoki. Mahari ilikwisha kutolewa, mtoto ni wa kwao, na mama aliyemwinulia mume panga hana wa kumtetea, hata kanisani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fanya anavyosema huyo mama wa Kiislamu. Sikuombi kitu kingine.

Dada yako,
Ndinda


Kitui,
20 Januari 1987

Dada Ndinda,

Habari za mavuno? Kavata amefika salama na debe la maharagwe limefika pia, mwenye nyumba wangu anawashukuru. Nimetoka wodini, nalala chumbani kwangu na kwenda kwa Bi. Shufaa kila asubuhi.

Hii unaweza kuwasomea yote. Mwambie Kaka Nzomo nimefikiria sana maneno yake ya mshale. Nilimpelekea Bi. Shufaa, akayasikiliza bila kucheka. Akasema mshale hauhitaji kukunjwa. Kano la mshale likishikana na mti, ndiyo kazi yake. Langu likishikana na kitu chochote, limekwisha.

Kwenye benchi letu kuna Nzilani, mwanamke aliyekatwa na mabati. Huko alikoshonwa walimfunga plasta nzima wiki sita, asitikise. Uzi wake haukukatika. Vidole vyake vimesimama kama meno ya reki, naye hawezi kushika hata kitambaa cha kufuta uso. Pia yuko Othman, mchinjaji wa mjini, aliyejiona amepona wiki ya pili akainua mtungi wa maji. Anasema alisikia "tap" ndani ya kiganja, kama uzi wa kushonea gunia. Amepasuliwa mara ya pili. Bi. Shufaa ametuketisha, mimi katikati yao wawili. "Huyu hakusogeza. Huyu alivuta. Wewe pita hapo katikati." Nami napita, Dada, jasho likinitoka. Kila mpira unapovuta nasubiri kusikia ile "tap".

Vidole vyote vinne vinakwenda na kurudi. Mwambie hivyo. Vinne.

Nzuki


Tawa,
21 Januari 1987

Nzuki,

Sina nafasi ya salamu. Nzomo ameondoka asubuhi hii kuja huko. Ndani ya mfuko ana ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, aliulowesha tangu jana. Mwambie Bi. Shufaa afunge mlango, na wewe usikae peke yako.

N.


Kitui,
17 Februari 1987

Dada Ndinda,

Nawasalimu. Baba na Muthoki wako vipi? Barua yako ya tarehe ishirini na moja niliipata jana, bahasha ina mihuri ya posta tatu. Kaka Nzomo alinifikia tarehe ishirini na tatu Januari. Hii usimsomee mtu.

Alitukuta kwenye benchi. Aliutazama mkono wangu, zile nyuzi kuchani, ile mipira, akasema, "Simama." Bi. Shufaa akasimama mlangoni, mwanamke mdogo wa umbo. "Bwana, huo si mkono wako."

"Ni wa damu yangu."

"Na ukitoka hapa nao hivi utakuwa umeuua."

Alimsukuma kwa kifua, akaangukia meza ya vyombo, kila kitu kikamwagika sakafuni. Mlinzi alikuja na rungu. Nzomo alimnyang'anya lile rungu, akampiga nalo paja mpaka akakaa chini, kisha akamrudishia. Othman alitaka kuinuka, nikamwashiria asiinuke. Nilitolewa getini nimeshikwa shingo, watu wanatazama.

Chumbani kwangu aliniweka goti kifuani. Alikata mipira kwa kisu changu cha mkate, mmoja mmoja, na kila ulipokatika kidole kiliruka. Nilipiga kelele, akanijaza shuka mdomoni. Halafu alivikunja vidole vikawa ngumi, akazungusha ile ngozi, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ngumi ikapotea. Alikuwa analia, Dada. Alinifunga huku analia, akisema, "Tulia, mtoto wa mama, tulia, litashika." Alilala sakafuni siku tatu akiniletea uji. Ngozi ilipokauka ilikaza. Ncha za vidole zikawa na rangi ya zambarau. Nilimwomba alegeze, akalegeza kidogo sana, akarudi Mtito Andei.

Nililoshindwa kuliandika ni hili. Alipoondoka, sikuikata. Kisu kilikuwa mezani. Nilikitazama asubuhi na jioni, na kila nilipokishika nilimwona mlangoni. Sikwenda hospitali. Niliwaza: na kama akirudi? Na kama kweli litashika? Zilipita karibu wiki tatu. Bi. Shufaa alinitafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Alipoona, hakusalimu.

"Amekaa hapa muda wote huu?"

"Aliondoka zamani."

"Na mlango umefungwa na nani?"

Niliutazama mlango. "Karani mzima," akasema, "unaogopa kisu cha mkate." Akaikata ile ngozi, na harufu iliyotoka ilinifanya nigeuze uso. Yeye hakugeuza.

Vidole vitatu vinasogea, kwa kukwaruza, kama mlango wa mbao wakati wa mvua. Kidole kidogo hakisogei. Hakinyooki wala hakikunjiki, kimejipinda kama ndoano. Uzi haukukatika, Bi. Shufaa anasema. Kimeshikana. Tunajaribu, asubuhi na alasiri, mafuta na maji ya moto. Nataka kukuandikia kwamba kitafunguka.

Nzuki


Tawa,
5 Machi 1987

Mdogo wangu,

Baba anakusalimu, na Muthoki anauliza kama bado una kucha zenye uzi. Nilisoma yako nikiwa chooni, ndipo mahali pekee nisipoulizwa. Sitakuambia ulifanya vibaya. Na mimi nilikaa miaka minne kwenye nyumba ambayo mlango wake haukuwa na kufuli.

Sikiliza yaliyotokea. Nzomo alirudi hapa Tawa akijisifu kwamba mkono wako sasa uko salama, aliufunga mwenyewe. Halafu dada yake Kavata akaleta habari kutoka huko Kitui kwamba kidole kimoja kimekataa. Siku ya soko Nzomo alimkuta Mulwa kwenye mizani ya maharagwe. Mzee Maundu alisema wasiinue chuma. Nzomo hakuinua chuma. Aliinua mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilimpata Mulwa begani, la pili mdomoni. Nilikuwa hatua chache tu, nimeshika kapu. Mulwa alianguka juu ya magunia, akatema jino, akalitazama.

"Useme!" Nzomo anamwambia. "Useme mbele ya watu ulifanya nini!"

Macho ya Mulwa yakaja kwangu, yakakaa. Nilijua ndiyo basi, sasa atasema. Akajifuta damu.

"Nilimkata ndugu yako. Unataka niimbe?"

Akapigwa tena. Wanawake wa mboga ndio waliomzuia Nzomo, walimrukia mgongoni kama wanne hivi, mmoja akimwambia, "Mpumbavu wewe, utanyongwa kwa ajili ya kidole!" Usiniulize nilihisi nini kuona Mulwa akipigwa kwa mpini. Nilifurahi, halafu nikaogopa, kwa sababu Nzomo alikuwa anafurahi vilevile.

Wazee wameweka tarehe kumi na moja Aprili, kwa Mzee Maundu. Baba ananipeleka mimi na Muthoki Malili kwa shangazi, anasema kelele si nzuri kwa mtoto. Nadhani Baba ananitazama siku hizi zaidi ya zamani. Hajauliza.

Ikifika mahali Nzomo ataua, nitasema, wamchukue Muthoki. Nataka ujue nimeamua hivyo.

Ndinda


Kitui,
27 Machi 1987

Dada,

Shikamoo kwa shangazi. Nasikia Malili upepo ni mwingi, mfunike Muthoki masikio.

Usiseme kitu bado, nakuomba. Kidole cha shahada kinagusa kiganja. Cha kati kinagusa. Cha pete kinakaribia, na Bi. Shufaa anasema kitafika. Nimeandika jina langu kwa mkono wa kulia, linasomeka. Kile kidogo ni kilekile. Jana nilijaribu kukilazimisha kwenye ukingo wa meza, Bi. Shufaa akanipiga kibao kwenye mkono ule mwingine.

Usije tarehe kumi na moja. Nitakwenda peke yangu.

Nzuki


Kitui,
13 Aprili 1987

Dada Ndinda,

Natumaini uko mzima na shangazi na mtoto. Baba ni mzima, nimemwacha ameketi. Naandika kwa mkono wa kulia.

Tulikuwa wanaume kumi na kitu kwenye uwanja wa Mzee Maundu. Mulwa alikuja na ami yake, mdomo bado umevimba upande. Nzomo aliketi karibu na gogo la kupasulia kuni, panga likiwa limelazwa magotini. Hakuna aliyemwambia aliweke mbali.

Mzee Maundu alinipa hindi kavu. "Pukuchua." Nikapukuchua. Walikuwa kimya wanasikiliza punje zinavyoanguka kwenye ungo. Kidole cha shahada kilifanya kazi, na cha kati, na cha pete kikijikokota. Mtu mmoja akasema, "Ai, umepona huu." Kisha Mzee Maundu akashika kidole kidogo, akakivuta, akakisukuma, akakiachia.

"Hiki kimekufa."

Nzomo akasimama. "Kimoja, kimoja."

Ami yake Mulwa akaanza kusema habari ya fidia, mbuzi na dume la ng'ombe. Mulwa akamkatiza. Alikwenda mwenyewe kwenye gogo, akapiga magoti, akaweka kiganja juu yake. "Kata tumalize. Nina shamba la kupalilia." Nzomo aliinua. Dada, nililiona lile panga likienda juu kama nilivyoliona siku ile, na safari hii sikuwa karibu kulishika. Nikasikia mtu anasema, nikatambua ni mimi.

"Kidole hiki hakikuuawa na panga."

Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena kwa sauti. Nikawaambia kwamba panga lilikata vinne, vyote vinne vikashonwa, na vyote vinne vilikuwa vinatembea hata tarehe ishirini na tatu Januari. Kano lililoshonwa huponea kwenye kusogea, na hiki kilizuiwa kusogea. Kilifungwa kwa ngozi mpaka kikashikana na nyama. Yuko Bi. Shufaa Kitui, nikasema, muulizeni.

"Ngozi ya nani?" Mzee Maundu akauliza.

Nikanyamaza. Kama nilivyonyamaza kitandani Desemba, na kama Desemba, kimya changu kikataja jina.

Nzomo aliutazama mkono wangu, halafu mikono yake. "Nilifunga lishike," akasema. "Nilifunga lisife."

"Tunajua," Mzee Maundu akasema. "Lakini limekufa."

Nilidhani ataliweka panga chini. Naapa, Dada, hilo ndilo nililotaka, aliweke chini tu, aaibike, twende tukale. Alimwondoa Mulwa kwenye gogo kwa mguu, kama unavyosogeza mbwa aliyelala. Akaweka mkono wake wa kushoto, akakunja vidole vingine, akaacha kile kidogo.

"Nilisema kimoja," akasema.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kuvunja muwa. Kuku alikimbilia, mtu akamfukuza kwa kofia. Nzomo hakulia. Aliketi chini taratibu, damu inaruka, na wa kwanza kumfikia alikuwa Mulwa, alivua shati lake akamfunga nalo. Baba alikuwa anasema jina la Mungu kwa Kikamba, mara nyingi, bila kuongeza neno jingine.

Ugomvi umefungwa. Hakuna atakayemgusa Mulwa na hakuna atakayeuliza zaidi. Ushirika wamenirudisha kazini. Lakini pale uwanjani sikusema kwamba ngozi ile ilibaki mkononi mwangu baada yake kuondoka, na kisu kikiwa mezani. Nilimwachia mzigo wote. Na yeye bado anadhani ni Mulwa. Amekata kidole chake kwa jambo ambalo hajui.

Nadhani tuliache hivyo. Muthoki anabaki na wewe. Niambie tuliache hivyo.

Nzuki


Malili,
3 Mei 1987

Mdogo wangu Nzuki,

Shangazi anakusalimu, anasema sasa unaandika kama mzungu. Mvua imenyesha vizuri, kunde zimeota mpaka mlangoni. Muthoki amepata rafiki na siku mbili hizi hajaingia chini ya kitanda. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukujibu kabla sijatoka Mtito Andei.

Ndiyo, nilikwenda. Kwa Mulwa sirudi, wala sikwenda kwa ajili yake. Watu wananiambia, tazama mume alivyojitoa kwenye gogo. Alijitoa kwa ajili ya jina lake, mimi sikuwemo. Lakini Nzomo ni wa tumbo letu. Nilishindwa kulala nikijua anaziba matairi kwa vidole tisa na hajui kwa nini.

Nilimkuta ameketi juu ya gurudumu la lori, kitambaa cheusi kwa grisi kimezungushwa mkononi. Akanipa kopo nikalie. Nikamwambia yote, tangu mchi hadi panga. Nikamwambia mpini ulikuwa wa nani. Sikulia, na sikusogea, kwa sababu nyundo ilikuwa karibu na mguu wake na nilitaka aone kwamba nimeiona.

"Nani mwingine anajua?"

"Nzuki. Na Mulwa."

"Mulwa anajua." Akafikiri. "Na nilipomng'oa jino sokoni, alijua?"

"Alijua."

"Mwanamume yule ni mbwa," akasema, "lakini ana mdomo mgumu." Akachukua nyundo. Akaiweka ndani ya sanduku la vyombo, akafunga kifuniko. Nikamwambia na la kisu cha mkate, usinikasirikie, nilitaka kusiwe na kitu kilichobaki. Alitikisa kichwa tu, akasema wewe ulikuwa muoga tangu unyonyeshwe na kwamba yeye angejua angefunga fundo la kufunguka.

Nilisubiri aseme habari ya Muthoki, atanipeleka kwa wazee au hatanipeleka. Yalipita malori mawili ya Mombasa na vumbi lake. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia:

"Ulikuwa unalenga wapi?"

"Shingo."

Alitazama mkono wake muda mrefu.

"Basi Nzuki alishika vizuri," akasema.

Dada yako,
Ndinda